Barua kwa mwanangu: hicho kidole gumba

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Ya mitihani ya kukanda na ya wenzako bwenini umeyaandika kwa kirefu, halafu mwisho kabisa, kama jambo la kupitia tu, eti kidole gumba cha kulia kinauma usiku. Hilo lilitakiwa litangulie.

Fanya hivi leo. Kunja gumba ndani ya kiganja, lifumbate kwa vidole vinne, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Kuvutwa kidogo ni kawaida kwa kila mtu. Ila ukisikia maumivu ya kuchoma kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, ujue huenda kano mbili zinazopita pale katika ala moja zimeumia kwa kusuguana. Linganisha na mkono wa kushoto. Ikiwa ni hivyo, lipumzishe gumba na uende kwa daktari. Usilikande. Najua utataka kulikanda.

Una mkono, wenzako hawakosei, nami nilipokusikia kwenye simu ukitaja misuli ya bega mmoja mmoja bila kusita nilinyamaza nisije nikalia. Lakini darasani mnakandana kwa zamu, wawili wawili, yatosha. Jioni unawakanda wengine watatu kwa sababu mtu kasema "dada, nishike shingo kidogo". Kukataa hujui. Tabia hiyo hukuiokota huko Mbeya; kuna mtu alikuwa akikuita umkande bibi, kisha jirani, kisha mgeni wa jirani, nawe ukiwa darasa la tano. Basi sasa anayekandwa naye akukande, aanzie kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, maana misuli mingi inayolivuta gumba imeanzia huko.

Halafu kitanda cha kukandia. Simama wima kando yake, mikono ining'inie, ukunje ngumi: vifundo vya vidole viguse godoro. Kikiwa juu zaidi ya hapo uzito wa mwili haushuki, unabaki kusukuma kwa mabega na gumba. Teremsha miguu yote minne tundu moja, kaza skrubu, ukitikise kabla mtu hajapanda. Mguu mmoja mbele, goti lilegee, nguvu itoke mguu wa nyuma. Mgongo na mapaja yafanye kwa kigasha, nyayo kwa ngumi. Kiwiko ni cha matakoni tu penye nyama nene, na unakishusha taratibu. Uti wa mgongo na chini ya mbavu kisifike. Gumba likilazimika kutumika, linyooke sawa na mfupa wa mkono, lisipinde kwa nyuma. Na wenzako wanasema "pazuri" kwa adabu tu. Wewe angalia vidole vya miguu. Vikijikunja, umezidisha.

Baridi hii nayo ina lake. Mafuta ya nazi yanaganda, nanyi mnayachokoa koponi kwa gumba lilelile, mnampaka mtu bonge la baridi, anakakamaa, mnaongeza nguvu. Kopo likae kwenye bakuli la maji ya moto kwanza. Kijiko kimoja cha chai kwa mgongo kinatosha. Ukizidisha mkono unateleza, ndipo unaanza kuchimba kwa ncha ya gumba upate kushika. Tena msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha. Hewa yake ya sumu haionekani, harufu hamsikii, na asubuhi hamuamki.

Taulo zenye mafuta usizirundike hadi Jumamosi, zinavunda. Maji ya moto na magadi siku hiyohiyo.

Hapa Mafinga tumeshavuna, maharage yamekuwa machache kuliko mwaka jana na bati la jikoni bado linavuja palepale. Mdogo wako ndiye anayenifungulia chupa ya chai siku hizi, mimi kile kifuniko kimenishinda. Usiniulize tena kwa nini nang'ang'ania gumba.

Kesho kwenye basi la asubuhi kuna kifurushi chako: alizeti lita mbili, haya hayagandi kwa baridi yetu, maharage, na sweta ulilosahau kwenye kamba. Kibebe kwa mkono wa kushoto. Kondakta nimeshamlipa, asikudai. Na majibu ya ile ngumi niyapate kesho, mikono yote miwili.

Mama yako