Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa shirikisho letu la kikapu: karatasi za manjano ziko kwangu

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Wiki jana barazani kwetu, hapa Mombasa, watu wazima wawili waliachana bila kuagana. Ugomvi wenyewe ulikuwa mechi ya ligi iliyochezwa zamani kidogo katika ukumbi wa Makande, hapahapa Mombasa. Mmoja alishikilia kwamba ilikwisha kwa tofauti ya kikapu kimoja. Mwenzake akaapa kwamba ilikwenda muda wa ziada, na kwamba yeye alikuwako, amekaa nyuma ya benchi. Nikaulizwa mimi, kwa kuwa wote wanajua nilikuwa karani wa meza. Nikakohoa, nikaagiza kahawa nyingine. Jibu sikuwa nalo, na aibu ile ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Nilikaa kwenye meza ya waandishi wa alama misimu mingi, kwa niaba ya klabu moja ndogo ambayo sitaitaja, maana imeshakufa na marehemu hasemwi. Kazi ile wengi hawaioni. Watu humwona refa, huona saa, humwona kijana anayening'inia kwenye ringi. Yule aliyeinama juu ya karatasi kubwa yenye visanduku hapigiwi makofi na mtu. Lakini kalamu yake ikiteleza, mechi imeteleza. Kikapu cha kawaida unakata mstari wa mshazari juu ya namba ya pointi. Mtupo huru unaweka nukta nene. Cha pointi tatu, namba ya mchezaji unaizungushia duara. Robo ikiisha, pointi ya mwisho inapata duara nene na mstari chini yake. Mechi ikiisha, mistari inakuwa miwili. Sisi tulifundishwa kutumia wino mwekundu robo ya kwanza na ya tatu, na wa buluu au mweusi robo ya pili na ya nne, ili mtu akiitazama karatasi aone mara moja mchezo ulipopanda na ulipoporomoka.

Karatasi hiyo ina nakala zake, na kila nakala ina rangi. Ya waridi huchukua timu iliyoshinda, ya manjano huenda kwa iliyoshindwa, zilizobaki ni za waandaaji. Sasa, Katibu, chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati, na sanduku hilo limejaa manjano. Unaweza kupekua nusu saa hujaona ya waridi. Ukiipata, utaikuta imekunjwa vizuri kama cheti cha ndoa.

Mbali na karatasi hizo nilikuwa na daftari langu, lile nene la mistari, ambamo kila Jumapili usiku nilinakili mechi za wikendi kwa rangi zilezile mbili. Masika mmoja paa likavuja. Nilipolifungua daftari, wino mwekundu ulikuwa umetoka wote, umekwenda zake na maji; wa buluu umebaki. Kwa hiyo ninayo misimu mitatu yenye robo ya pili na ya nne tu. Humo timu huanza kucheza dakika ya kumi na moja, hupumzika, kisha hurudi uwanjani dakika ya thelathini na moja kama zimetoka kuamshwa usingizini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, paa ndilo lililonishinda.

Nimeanza na kosa langu ili usidhani nimekuja kunyoosha kidole. Ombi langu ni hili: ligi yetu iwe na kumbukumbu moja ya wazi, ya misimu yote, ya wanaume na ya wanawake, ambayo mtu akiwa Kisumu, Nairobi au hapa kwetu anaweza kuifungua akaona kila mechi ilikwishaje na jedwali lilibadilika vipi baada yake.

Jedwali nimelitaja, na hapo naomba unipe nafasi niseme kwa urefu kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapotoana macho. Wengi wetu tumelelewa na kandanda. Tunasoma msimamo wa kikapu kwa miwani ya kandanda, na miwani hiyo inatudanganya. Kwenye kikapu, kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ushindi ni pointi mbili, kushindwa ni pointi moja, na timu ikikosa kufika uwanjani inapata sifuri. Hiyo pointi moja ya kushindwa ndiyo inayovuruga. Chukua timu iliyokwisha kucheza mechi 14, ikashinda 6 na kupoteza 8: ina pointi 20. Iweke kando ya timu iliyocheza mechi 10, ikashinda 9 na kupoteza 1: ina pointi 19. Katikati ya msimu, ratiba ikiwa haijalingana, iliyopoteza mechi nane inakaa juu ya iliyopoteza moja. Nimewahi kusikia mtu akipiga simu redioni kuwapongeza vijana wake kwa kushika nafasi ya tatu, na mimi niliyekuwa na hesabu mkononi najua walikuwa wa saba. Jedwali likionyesha asilimia ya ushindi kando ya pointi, ubishi huo haupo.

Halafu kuna suala la timu kulingana. Mshabiki wa kandanda anakimbilia safu ya mwisho kulia, atazame tofauti ya mabao ya msimu mzima. Kwenye kikapu safu hiyo hutazamwa baadaye sana. Kwanza huangaliwa mechi zilizozikutanisha hizo timu zenyewe. Tuseme tatu zimelingana kwa pointi na zimecheza mara moja moja. Ya kwanza imemfunga wa pili kwa pointi 12, wa pili kamfunga wa tatu kwa 5, wa tatu naye kamfunga wa kwanza kwa 3. Kila mmoja ana ushindi mmoja, hapo hakuna mkubwa. Unachukua tofauti ya pointi walizofungana wao watatu tu: wa kwanza ana 9 juu, wa tatu ana 2 chini, wa pili ana 7 chini. Wa pili anaangukia mkiani mwa kundi hilo, hata kama mwezi uliopita alimtandika wa mwisho wa ligi kwa pointi 60.

Ndiyo maana sekunde za mwisho za mechi iliyokwisha kuamuliwa zina thamani ambayo watu wanaowahi matatu hawaijui. Nimeona kocha akiomba muda wa mapumziko zikiwa zimebaki sekunde nane na timu yake iko nyuma kwa 13. Watu wakamzomea, wakasema anawachelewesha. Alikuwa anatafuta kikapu kimoja cha pointi tatu ili tofauti ishuke iwe 10, kwa sababu mechi ya kwanza alishinda kwa 11. Kijana akapiga kutoka kona, ukaingia, mimi nikazungushia duara. Ukumbini walikuwa wamebaki watu labda ishirini. Kikapu kile kilimpandisha nafasi mwisho wa msimu, na leo ukimtafuta mtu anayekikumbuka utabaki na mimi na kocha mwenyewe.

Sifuri nayo nataka uipe safu yake. Timu isipofika, au ikishindwa kuweka wachezaji watano uwanjani dakika 15 baada ya saa ya kuanza, matokeo huandikwa 20 kwa 0 na haipati pointi yoyote. Kwenye jedwali la kawaida kipigo hicho kinafichwa miongoni mwa vipigo vingine. Ila mtu akiniuliza nimwonyeshe afya ya ligi, sitamwonyesha bingwa. Nitamwonyesha sifuri ngapi zimeandikwa na zimeandikwa mwezi gani. Kutoka Kisumu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Kuwasafirisha wachezaji kumi na wawili, kocha na meneja, kuwalaza, kuwalisha na kuwarudisha kazini Jumatatu asubuhi ni mzigo ambao timu ya benki, ya jeshi au ya bandari inaubeba, na ya mtaani inaubeba mpaka inapochoka. Sifuri zikianza kurundikana mzunguko wa pili, ujue fedha zimekwisha, na hakuna hotuba itakayoeleza hivyo vizuri kuliko safu moja ya tarakimu. Mdhamini makini angependa kuiona safu hiyo kabla hajatoa hata shilingi, na nadhani nawe ungependa aione kwako kuliko kuisikia kijiweni.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya makarani, wachezaji wanataka viwanja. Wanataka viwanja, kweli. Lakini hebu tazama tunachokikumbuka na namna tulivyokikumbuka. Mwaka 1993 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika na Kenya ikamaliza ya nne. Mwaka 2019 Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, walikwenda Bamako kwenye AfroCan, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, wakafika fainali na kurudi na medali ya fedha baada ya kufungwa na Kongo ya Kinshasa. Februari 2021, huko Yaoundé, tulikuwa nyuma ya Angola, mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo, hadi Tylor Ongwae alipoachia mpira wa mwisho: 74 kwa 73. Mwaka huohuo tukarudi AfroBasket, mashindano yaleyale ya Afrika, baada ya miaka 28, kule Kigali, tukiwa chini ya Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye mashindano yale. Haya nayasema bila kufungua sanduku, kwa sababu wenye mashindano waliyaandika, na yeyote mwenye simu anaweza kuyathibitisha kabla kahawa haijapoa.

Wachezaji wale walitoka wapi? Wengi walipitia ligi hii hii yetu. Walicheza Nyayo Gymnasium mchana wa Jumamosi na watazamaji wa kuhesabika, wakaja Makande wakakutana na joto letu na kelele zetu. Njia yao kutoka mechi ya kwanza mpaka jezi ya taifa imeandikwa kwenye karatasi za waridi na za manjano zilizotawanyika kwenye makabati ya watu. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Basketball Africa League, ligi ya vilabu vya Afrika. Tiketi ya kuelekea huko huanzia kwenye ubingwa wa nyumbani. Maana yake msimamo wetu umekuwa mlango wa bara zima, na mlango wa aina hiyo haufungwi kwa kamba ya katani.

Akina dada nisiwasahau, ingawa huwa wanasahauliwa hata na sisi tunaojifanya hatusahau. Fainali ya wanawake ya KPA, timu ya bandari, na Equity, timu ya benki, nimeitazama nikiwa nimesimama kwa kukosa kiti. Kwenye lile daftari langu la mistari, mechi za wanawake niliziandika kurasa za nyuma, kwa ufupi, matokeo ya mwisho tu, bila robo. Hapo sina mvua ya kuilaumu.

Najua ofisi yako haina watu wa kuchapa karatasi za miongo. Sikuombi uajiri mtu. Vyuo vikuu vyetu vina timu kwenye ligi, na vina wanafunzi wa takwimu na wa kompyuta wanaotafuta mradi wa mwisho wa masomo. Makarani wa zamani tupo, tumestaafu, tunajua kusoma mwandiko wa wenzetu na tunajua nani alikuwa akiandika 1 yake kama 7. Kinachohitajika kutoka kwako ni barua moja kwa vilabu vyote, vilivyo hai na vilivyokufa, yenye muhuri: leteni mlizo nazo. Watu wetu wanaheshimu muhuri. Mimi nikiwaomba watasema mzee anatafuta la kufanya.

Anza na msimu huu unaoendelea, kabla ya kurudi nyuma. Kila Jumatatu liwepo jedwali lenye mechi zilizochezwa, ushindi, vipigo, sifuri, asilimia, na chini yake matokeo ya timu zilizolingana. Liwe linapatikana pahali pamoja, na la wiki iliyopita lisifutwe la wiki hii linapowekwa. Hilo la mwisho nalisisitiza. Jedwali la Machi lina habari yake hata ukifika Oktoba: linaonyesha nani alikuwa juu kabla ya kumpoteza mlinzi wake, nani alianza kuchelewa kusafiri.

Sanduku langu ni la ligi, si langu tena. Nimeshazipanga karatasi kwa mwaka, na pale nisipoweza kusoma mwaka nimezipanga kwa majina ya marefa. Ni manjano tupu, kwa hiyo ni nusu ya habari. Waliotufunga wanazo za waridi, na ningependa kuona zikikutanishwa, mechi baada ya mechi, hata ile iliyowagombanisha wazee wangu wa barazani. Nikipata neno kutoka kwako nalipandisha kwenye treni ya asubuhi kuja Nairobi. Ila ni zito, na mkono mmoja umeng'oka, kwa hiyo pale stesheni nitahitaji mtu wa kunishikia upande wa pili.

Wako,
Karani wa meza mstaafu,
Mombasa