Dola moja ya mgeni ingewalipa walimu wa ganuni

Mhariri,

Kila bajeti inapobana, fungu la sanaa ndilo la mwanzo kukatwa, na hoja huwa ile ile: hospitali kwanza, ngoma baadaye. Sina ugomvi na hospitali. Ninachopinga ni kwamba hapa Zanzibar hesabu hiyo hupigwa nusu. Taarab tunaiuza. Imo kwenye matangazo ya utalii na hupigiwa wageni wakati wa chakula cha usiku hotelini. Lakini anayekaa na kijana mwaka wa pili sasa akimfundisha kutia sauti nyuzi zaidi ya sabini za ganuni, ala ya taarab, huyo tumewaachia wafadhili wa nje wamlipe.

Tumeshaonja matokeo yake. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002 na kilichokaa miaka mingi katika Jumba la Forodha la zamani pale Mizingani, kiliyumba 2016 ufadhili ulipokwisha. Mwaka 2019 kikawa kinatafuta dola 70,000 kisifunge milango. Ada ilikuwa kama dola 13 kwa mwezi, na wanafunzi wengi hawakuweza kuilipa. Mwaka huo wa 2016 hata Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, halikufanyika kwa kukosa fedha. Na hayo yalitokea kabla ya corona, hoteli zikiwa na wageni. Sasa Marekani imelivunja shirika lake la misaada, na Uingereza imetangaza kwamba ifikapo 2027 misaada yake itashuka hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa. Balozi zikibanwa hivyo, hazitaanza kupunguza kwenye chanjo.

Wapo watakaosema wazee waliishi bila wafadhili. Kweli. Ikhwan Safaa ya 1905 na Culture ya 1958, klabu zetu kongwe za taarab, hazikujengwa kwa maandiko ya miradi. Wanachama walichanga, harusi zililipa, na mwenye furaha yake alipanda jukwaani kumtuza mwimbaji. Ila harusi za leo nyingi hukodi kinanda kimoja na spika mbili, na mwenye harusi simlaumu, kwa sababu kundi zima la fidla, udi, nai (filimbi) na dumbaki (ngoma) linataka usafiri, chakula na mazoezi. Halafu upepo wa chumvi unakula nyuzi. Uzi wa ganuni ukikatika huendi sokoni Darajani kuununua, unauagiza nje, kwa dola.

Makampuni nayo hudhamini tamasha kwa sababu tamasha lina jukwaa, na jukwaa lina pa kutundika bango. Mshahara wa mwalimu wa nai hauna pa kutundika kitu. Bara kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii, jambo jema, lakini utamaduni si suala la Muungano, na hata ungekuwa, mkopo unamfaa anayerekodi na kuuza. Mtoto wa Ng'ambo anayejifunza udi atarejesha kwa nini?

Pendekezo langu ni hili. Mwaka 2024 tulipokea wageni zaidi ya laki saba. Tangu Oktoba mwaka huo, mgeni anayeingia analipa dola 44 za bima, na wageni hawakukimbia. Aongezewe dola moja tu ya kufundishia muziki na sanaa nyingine za visiwa hivi. (Isimegwe kwenye bima, bima ina kazi yake.) Hapo tunapata zaidi ya dola 700,000 kwa mwaka, mara kumi ya zile zilizokuwa zikitafutwa 2019.

Kuna mtego lakini. Wageni walikuwa kama 538,000 mwaka 2019, na mwaka uliofuata wakashuka hadi kama 260,000. Mfuko utakaotumia kila senti mwaka ule ule utazama siku moja na hoteli, wakati ule ule ambao mpiga fidla hana pa kupiga. Kwa hiyo sheria iseme wazi kwamba katika miaka mizuri nusu ya makusanyo inawekwa akiba, na akiba hiyo haiguswi kwa semina, magari wala sherehe za uzinduzi. Mishahara ya walimu, nyuzi, kodi ya chumba cha mazoezi, basi. Hesabu zibandikwe hadharani kila mwaka. Na kikundi kisichofundisha hata mwanafunzi mmoja kisipewe, hata kiwe na jina kubwa kiasi gani. Najua baadhi ya marafiki zangu hawatapenda sentensi hiyo.

Baraza la Wawakilishi hukaa na bajeti kuanzia Mei. Namwomba mwakilishi mmoja, wa chama chochote, amuulize waziri: katika fedha tunazopata kwa utalii, ni kiasi gani kinamfikia anayefundisha taarab, na kwa njia ipi?

Msomaji wako,
Mwembetanga, Unguja