Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Masafa: Turudishie siku tano za wodini

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Kufutwa kwa wiki ya ana kwa ana, somo la saikofamakolojia (dawa za magonjwa ya akili) kwa wanasaikolojia

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumekuandikia mara tatu kwa njia ya kawaida, na mara tatu tumejibiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Jumatatu iliyopita, saa 3 usiku, ujumbe uliingia kwenye kundi la wakufunzi: siku tano za wodini za muhula huu zimefutwa, na badala yake wanafunzi watajibu maswali 40 ya kuchagua jibu sahihi. Sababu haikutajwa. Huu ni muhula wa tatu mfululizo, ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Wanafunzi wetu wako kazini tayari, Makete, Ludewa, Chunya, Kyela, Mafinga, Kilolo. Hawatakuja kuandika dawa. Sheria za nchi haziwapi kazi hiyo na sisi hatuwafundishi hiyo. Tunawafundisha kuona. Daktari anamwona mgonjwa dakika chache mara moja kwa mwezi, wakati mwanasaikolojia anaketi naye karibu saa nzima, pengine kila wiki. Dawa ikianza kumtesa mtu, macho ya kwanza kugundua yanapaswa kuwa ya huyu.

Tusieleweke vibaya: hatupingi masafa. Sehemu kubwa ya somo inakwenda vizuri kwa masafa, na tumeifanyia kazi mpaka ikakaa sawa. Tuliacha mihadhara ya video kwa sababu inamaliza bando la mwanafunzi kabla ya wiki kuisha. Sasa tunarekodi sauti peke yake kwa kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima inakuwa megabaiti 14 hivi, na slaidi zinatangulia siku mbili kabla. Mwanafunzi wa Ludewa anapakua alfajiri mtandao ukiwa mwepesi, anasikiliza hata umeme ukikatika. Kwa njia hiyo anaelewa vizuri kwa nini dawa inayopungua nusu kila baada ya siku moja huchukua siku nne au tano kutulia mwilini, na kwa nini fluoksetini, dawa ya sonona, huendelea kukaa mwilini wiki kadhaa baada ya mgonjwa kuiacha. Anajifunza pia kwa nini mtu wa Iringa aliyepewa diazepamu, dawa ya kutuliza, aulizwe kuhusu ulanzi, pombe ya mianzi, msimu wa mvua, tena aulizwe kwa jina, kwa sababu ukimuuliza kuhusu "pombe" wengine watasema hawanywi. Anajifunza kwamba mgonjwa anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, anayenunua diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya mgongo anapandisha lithiamu kwenye damu bila kujua, na kwamba damu ya kupima lithiamu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ikitolewa mapema, namba itadanganya. Hayo yote yanafundishika kwa sauti na karatasi.

Sasa tazama yasiyofundishika hivyo.

Kwenye zoezi la mwezi uliopita tuliuliza hivi: kijana wa miaka 24 alianzishiwa haloperidoli, dawa ya saikosisi, miligramu 5 asubuhi na jioni, leo ni siku ya sita. Hakai kitini. Anahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule, anatembea usiku, anasema kuna kitu kinamsukuma kutoka ndani ya miguu. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika "wasiwasi mkali" na kupendekeza mazoezi ya kupumua. Ile ni akathisia, hali ya kutoweza kutulia, na imeletwa na dawa. Mwanasaikolojia akimwandikia daktari kwamba wasiwasi umezidi, daktari anaweza kuongeza dozi, na dozi ikiongezwa mateso yanaongezeka. Kuna wagonjwa wanaoacha dawa kwa sababu ya hali hii, na imehusishwa pia na mawazo ya kujiua. Akiandika neno sahihi, daktari ana njia: kupunguza dozi, kubadili dawa, au kuongeza propranololi.

Wanafunzi hao si wazembe. Maelezo ya akathisia wameyasoma na wanaweza kuyakariri. Hawajawahi kuiona tu. Tuliwahi kujaribu kuionyesha kwa Zoom, na hapo ndipo tulipojua ugumu wenyewe: kamera inaonyesha uso na mabega, na akathisia iko miguuni. Namna sahihi ya kuipima ni kumtazama mtu akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, si chini ya dakika mbili kila mkao, huku mnaongea mambo ya kawaida, halafu ndipo umuulize anajisikiaje. Nani atashika simu hapo na kurudi nyuma hadi miguu ionekane?

Mtetemo wa mikono nao ni hivyo hivyo. Ule unaoletwa na dawa kama haloperidoli mara nyingi huwa wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Mtandao ukilegea, programu inapunguza picha hadi chache kwa sekunde. Kwa picha 5 kwa sekunde mtetemo huo hauwezi kuonekana kama ulivyo. Mkono utaonekana umetulia, au unarukaruka ovyo. Na ugumu wa misuli hauonekani kabisa, unashikwa. Unaweka mkono mmoja chini ya kiwiko cha mgonjwa, mwingine unashika kifundo cha mkono, unakunja na kukunjua polepole, na unahisi mkono ukikwama na kuachia, ukikwama na kuachia, kama gurudumu lenye meno. Ukishauhisi mara moja huusahau. Maswali 40 ya kuchagua hayana kiwiko.

Ndugu Mkurugenzi, siku ya kufungua programu hii ulisimama mbele ya wanafunzi na kuahidi siku tano kila muhula kwenye hospitali ya rufaa, vikundi vya watu wanne wanne, kila kikundi na mkufunzi wake. Wanafunzi walilipa ada wakiamini hivyo. Mpaka leo maneno hayo yapo kwenye kijitabu cha programu.

Hatujui kilichokwamisha. Pengine ni bajeti. Pengine barua ya kuomba nafasi hospitalini ilichelewa kutoka ofisini, maana hospitali hupanga wanafunzi wake mapema na anayechelewa hukosa. Pengine kuna anayeamini kwamba neno masafa maana yake ni kutokutana kabisa. Kama ni hilo la mwisho, tunaomba aangalie Marekani, jimbo la New Mexico, ambako tangu 2002 sheria inawaruhusu wanasaikolojia waliosomea kuandika dawa. Huko wapo wanaosoma kwa masafa kama hawa wetu. Lakini pamoja na saa 450 za darasa, sheria inadai saa 400 za kuwahudumia wagonjwa wasiopungua 100 chini ya uangalizi. Sisi hatuombi saa 400. Tunaomba siku tano.

Na kwetu nyanda za juu jambo hili ni zito zaidi. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Mgonjwa wa CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, akianzishiwa kabamazepini, dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza hisia, kabamazepini inashusha kiwango cha dolutegraviri, na mwongozo unataka dozi ya miligramu 50 itolewe mara mbili kwa siku. Anayetumia isoniazidi kuzuia kifua kikuu anaweza, mara chache, kuchanganyikiwa kwa sababu ya dawa yenyewe. Mwanafunzi atayajua majina haya kwa sauti zetu za megabaiti 14. Kufungua faili la mgonjwa, kuzipanga dawa zote kwa tarehe za kuanza, na kuona kwamba dalili zilianza wiki moja baada ya kidonge kipya, hilo analifanya akiwa na faili halisi mkononi na mgonjwa amekaa mbele yake, kwa ridhaa ya mgonjwa.

Posho ya bando tuliyoahidiwa haijaja tangu muhula wa kwanza, tunajilipia. Fedha za kusahihisha hazijaja pia. Hayo tumeyavumilia na tunaweza kuendelea kuyavumilia muhula mwingine. Ukisema hela ni moja na lazima uchague, yaache hayo, lipa siku tano.

Wanafunzi wamekubali kujitegemea nauli, malazi na chakula. Kinachotakiwa kwako ni barua ya utambulisho kwa hospitali, isizidi ukurasa mmoja, ipelekwe kwa mkono, na nauli ya wakufunzi wawili. Mtihani unaanza baada ya wiki sita. Hospitali ikipata barua wiki hii, wiki ya nne bado inawezekana. Ikichelewa zaidi, darasa hili litahitimu bila kushika mkono wa mgonjwa hata mmoja.

Tunaomba siku tano, Ndugu Mkurugenzi. Saini barua hiyo; tutakuja kuichukua wenyewe na kuipeleka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wakufunzi wa saikofamakolojia,
Mbeya na Iringa