Risala ya klabu ya historia kwa mgeni rasmi: manowari Pegasus iliyozama bandarini kwetu

Mheshimiwa mgeni rasmi, maalim mkuu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, assalamu alaykum.

Mheshimiwa, karibu sana skulini kwetu na ahsante kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa na sisi. Mwaka huu klabu yetu tumeshughulika na kitu kimoja tu, manowari ya Kiingereza HMS Pegasus, maana imezama hapahapa Unguja na watoto wa mjini wanashinda Forodhani wanaogelea, ukiwauliza hawaijui kabisa.

Pegasus ilishushwa majini Machi 1897 kule Jarrow, Uingereza, zama za Malkia Victoria. Ni kruza ndogo, yaani manowari nyepesi ya mwendo wa kasi, tani 2,135, mizinga mikubwa 8 ya inchi 4. Ikatumika Mediterania, ikakaa miaka huko Australia, mwisho ikapelekwa kikosi cha Cape, Afrika Kusini. Sasa kruza za aina ile zilifungwa boila (matangi ya kuchemshia maji ya mvuke wa kuendeshea mashine) za namna mbalimbali kwa kujaribu tu na nyingi zikasumbua sana, kwahiyo Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia inaanza 1914 chombo kina miaka 17 na mitambo imeshachoka, ikabidi itie nanga hapa ifanyiwe matengenezo.

Hapo ndipo panapotuuma mheshimiwa. Jumapili alfajiri, 20 Septemba 1914, manowari Königsberg ya Mjerumani ikatoka mafichoni mto Rufiji na nahodha wake Max Looff, ikaikuta Pegasus imesimama palepale haiwezi hata kusogea, na mizinga ya Mjerumani inafika mbali zaidi, yaani Waingereza wanapigwa na wao wakijibu makombora yao yanaishia majini. Watu 38 wakafa, 55 wakajeruhiwa, na meli siku ileile ikaenda chini. Fikiria mtu anapigwa huku mashine yake imefunguliwa iko matengenezoni!

Na Königsberg yenyewe haikufika mbali, mashine yake nayo iliharibika ikarudi Rufiji, ikaishia humo Julai 1915. Mizinga ya Pegasus iliopolewa ikapelekwa kupigana nchi kavu, mmoja mpaka leo uko Fort Jesus Mombasa, umewekwa pamoja na wa Königsberg. Mabaharia wake wamezikwa hapo Chapwani, ukisimama ufukweni unakiona kisiwa.

Mheshimiwa, sisi wanaklabu 22 hatujawahi kufika Chapwani hata mara moja. Tuliomba usafiri sehemu fulani mwaka jana tukaambiwa tusubiri, tumesubiri mpaka wa form four wamemaliza wameondoka. Tunakuomba utusaidie nauli ya boti ya siku moja tu twende na madaftari yetu tukasome majina kwenye makaburi, na pia kibao kidogo cha Kiswahili cha kuweka karibu na bandari kinachosema meli gani iko chini pale na ilizama lini. Maneno ya kibao tumeshayaandika, maalim wetu anayo hapa, tutakukabidhi sasa hivi.

Tunaomba kuwasilisha.