Trauti wa kupandikizwa ni samaki kamili, na leseni ni lazima hata ukivulia ukingoni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji wenu aliyeandika kutoka huku huku Marekani akawacheka Waswahili wanaokaa ukingoni mwa ziwa kuvua trauti (samaki wa maji baridi, Kiingereza trout), eti samaki waliopandikizwa na serikali, yaani waliokuzwa kwenye vituo na kumiminwa ziwani, ni kuku wa banda tu na anayewavua asijiite mvuvi. Hilo la kuku tutalifikia. Kilichonifanya niandike ni pale mwisho aliposema samaki ni mali ya umma na kama huna boti huhitaji leseni. Jamani, hapana! Mtu akiamini hivyo akabeba fimbo yake ya kuvulia, siku atakayokutana na ofisa wa wanyamapori hiyo faini hatalipiwa na msomaji wenu.

Mimi nakaa Tukwila, jimbo la Washington, kwetu Mwanza, sato na sangara nimekua nao ila nilikuwa nanunua pale soko la samaki la Mwaloni kama watu wengine, mambo ya ndoana nimekuja kuyaanzia huku ukubwani. Sheria ya hapa iko hivi: ukifika miaka 15 lazima uwe na leseni, uvue toka kwenye boti, gatini au umesimama kwenye majani. Leseni ya mwaka inaanza Aprili 1 na kuisha Machi 31 bila kujali umeinunua lini, kwa hiyo ukiikata Februari ujue umenunua ya wiki chache. Na kwa aliyehamia juzi, mpaka uwe umekaa jimboni siku 90 ndio unahesabika mkazi, kabla ya hapo unalipa bei ya mgeni ambayo imechangamka kidogo, bora usubiri. Fimbo ni moja kwa mtu, ya pili unailipia.

Maziwa mengi wanaruhusu trauti watano kwa siku, na hapa ndio watu wananaswa, maana ukivua kwa chambo kila trauti uliyemtoa anahesabika hata ukimrudisha majini, sababu wa chambo mara nyingi kashameza ndoana mpaka tumboni na ukimwachia anakwenda kufa tu. Kwa hiyo ile tabia ya kurudisha wadogo ukisubiri wakubwa haipo. Halafu kuna maziwa yenye masharti yake yenyewe, angalia kwenye programu ya simu ya Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo, inaitwa Fish Washington, ni bure.

Sasa hao kuku. Idara hiyo hiyo inakuza vifaranga kwenye vituo vyake mpaka wafike kama inchi 10 hivi, lori la matangi linakuja kuwamimina ziwani na taarifa inawekwa kwenye tovuti yao, ziwa gani, lini, wangapi. Yaani mtu asiye na boti wala mashine ya kuonyesha samaki walipo chini ya maji anajua kabisa samaki wapo, na siku za mwanzo wanazunguka humo humo karibu na ukingo. Huyo ndio samaki wa mtu anayeanza, aibu iko wapi? Hata Kenya trauti ni wa kuletwa, walianza kupandikizwa 1905, na sijasikia mtu akiwacheka wanaowavua kwenye mito ya Aberdare.

Na wala sio kwamba wanajileta. Watu wanakuja na mshipi mnene, ndoana kubwa, chubwi zito, wanarusha katikati ya ziwa kwa nguvu zote wakati samaki wanapita hapo mbele ya viatu vyao, jioni wanarudi mikono mitupu wanasema ziwa halina kitu. Tafuta mshipi mwembamba, chubwi dogo lenye tundu ili mshipi upite ndani uteleze, chini yake funga kiswiveli (kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka) cha kulizuia, halafu kipande kingine chembamba zaidi cha futi moja na nusu au mbili, mwisho ndoana ndogo kabisa. Chambo ni ile donge ya dukani ya kwenye kichupa, yenye rangi za kuwaka, iviringe mpaka ifunike ndoana yote. Hiyo donge inaelea, ndio siri yenyewe, chubwi linalala chini na donge inapanda juu ya majani pale trauti anapopita, na akiivuta mshipi unateleza ndani ya tundu hasikii uzito. Kabla hujarusha idumbukize hapo miguuni uiangalie, ikizama ongeza nyingine. Wanaovulia minyoo wanachomeka na mashimelo ili ielee, nilipomwona mzee mmoja na pakiti yake nilijua ni ya wajukuu.

Nenda alfajiri. Julai na Agosti maji ya juu yakishapata joto trauti wanahamia kina kirefu, ukingoni utakula jua tu, bora usubiri baridi ianze kurudi. Kwa wa upande wetu Angle Lake inafikika hata kwa treni, unashuka kituo chenye jina hilo hilo unatembea kidogo mpaka kwenye paki, gati ipo. Wa Seattle wana Green Lake, inavuliwa mwaka mzima.

Kwenye ladha nakubaliana na msomaji, trauti wa lori hamfikii sato hata kwa bahati mbaya. Mpasue tumbo, lile damu jeusi la kwenye uti wa mgongo likwangue kwa ukucha mpaka liishe maana ndilo linaloleta harufu ya tope, ndimu, chumvi, pilipili manga, kaango la moto. Watoto wangu hawabakishi.

Naomba sana barua hii itoke kabla ya Jumamosi ya nne ya Aprili, siku ambayo maziwa mengi ya mabondeni huku yanafunguliwa na watu wanajaa ukingoni toka usiku, na maofisa nao wanakuwepo.

Msomaji wenu,
Tukwila, Washington