Muuza simbilisi, sema kama jike ana mimba

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wenzetu wanaouza simbilisi sokoni, hasa zile siku za kukaribia Idi, watoto wanapokuwa na vijisenti mkononi na kila kinyama chenye manyoya kikapata mnunuzi.

Kwa asiyemjua, simbilisi ni mnyama mdogo asiye na mkia, jamaa yake panya, na kwao ni milima ya Andes huko Peru, ambako wamemfuga kwa kitoweo tangu zama na zama. Waingereza wamempa jina lenye nguruwe ndani yake. Mjukuu wangu akalisoma kwenye simu, akalitangaza mtaa mzima, na kwa siku mbili majirani wakawa wananiamkia kutoka ng'ambo ya njia. Nguruwe hahusiki hata chembe, narudia kusema hapa gazetini ili waliobaki na shaka nao waje kunywa kahawa.

Mjukuu huyo nilimnunulia jike mmoja kule Unguja siku moja kabla ya Idi, nikavuka naye kwa meli hadi bandari ya Mkoani huku Pemba, kisha daladala mpaka kwetu Wete, kikapu mapajani. Muuzaji aliniapia kwamba ni mchanga na hajawahi kukaa na dume. Siku ya 42 tangu nimnunue, alfajiri ya mvua ya masika, tukamkuta amelala ubavu ndani ya boksi lake, amekwisha kufa, na watoto watatu wamemganda tumboni.

Mie kazi yangu ilikuwa kupima karafuu, na hesabu huwa hazinipiti. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hadi 72. Toa 42. Yule jike alipanda meli na mimba ya siku 17 kwa uchache, au 30 kwa wingi. Bwana mifugo alipokuja akamtazama kucha, ndefu na zimepinda, akamkisia mwaka na zaidi. Akanieleza kuwa jike asipozaa mpaka akapita miezi sita au saba, mifupa ya nyonga hushikana, na uzazi wa kwanza baada ya hapo aghalabu humuua. Kwa hiyo nilidanganywa mara mbili kwa bei moja.

Sasa watoto. Simbilisi hazaliwi kama panya, uchi na kipofu. Huzaliwa na manyoya kamili, macho wazi na meno mdomoni, na kabla ya adhuhuri wale watatu walikuwa wakikimbizana mle ndani kama watu wazima. Hapo ndipo mtu anapopotea, akadhani hawahitaji kitu. Kutafuna majani wanaweza tangu siku ya kwanza, lakini maziwa wanayahitaji kwa kiasi cha wiki tatu. Bora kuliko yote ni kumtafuta jike mwingine anayenyonyesha, kwani hawa hawabaguani, na mama mmoja huwanyonyesha wa mwenzake ingawa ana chuchu mbili tu. Niliuliza Wete nzima, nikapiga simu mji wa Chake Chake. Hapana.

Ikabaki bomba la sindano, lile dogo la mililita moja, bila sindano yenyewe, na maziwa ya mbuzi wa jirani. Ya ng'ombe niliambiwa yanawaharisha. Nusu mililita hivi kila baada ya saa mbili, vuguvugu, tone moja moja pembeni mwa mdomo, na unangoja ameze kabla ya kutia jengine. Usiku nikitega saa. Mke wangu akaniuliza gizani: "Bwana, karafuu zimekwisha, sasa unanyonyesha panya?"

Lipo kosa langu mwenyewe hapa, nalisema ili mwengine asilirudie. Yule mdogo kuliko wote, wa gramu 61, nilimlaza chali kwenye kiganja kama ninavyomlaza kitukuu changu, nikasukuma bomba. Maziwa yakamtoka puani, mapovu mawili meupe. Nikamfuta, akapiga chafya, nikaona yamekwisha. Siku ya pili akawa anapumua kwa mbavu, unamsikia ndani kama mtu anayekoroga uji mbali. Siku ya tatu akafa. Maziwa yalikuwa yameingia mapafuni. Simbilisi hunyweshwa akiwa amesimama kwa miguu yake au amekaa wima mkononi, kichwa kikiwa sawa, na mkono wenye haraka uende ukafanye kazi nyengine.

Jambo la pili sikulijua mpaka nilipoambiwa: mama yao huwalamba chini ya mkia ili wakojoe. Pasipo mama, unachukua pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu, unapangusa taratibu kila baada ya kunywesha, na mkojo unatoka palepale. Mjukuu aliikataa kazi hiyo. Ya kuwapima aliitaka sana.

Mizani nilimuazima binti yangu anayeoka keki. Kila asubuhi, saa moja, kabla ya chai, tunamtia mmoja mmoja ndani ya bakuli la plastiki, mjukuu anasoma, mimi naandika. Wale wawili waliobaki walizaliwa na gramu 84 na 79. Siku mbili za mwanzo wakapungua, jambo la kawaida, lakini roho ilinidunda kama mkulima anayeona gunia lake limekauka kupita kiasi. Siku ya nne mshale ukageuka, gramu nne, tano kwa siku. Jicho litakwambia mtoto anakimbia, mzima, na mizani ikakwambia amepungua tangu juzi. Mie naiamini mizani.

Tangu siku ya kwanza tuliwawekea ukoka uliokauka vizuri na kipande cha pilipili boga. Mnyama huyu, kama binaadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Akiikosa viungo humvimba, fizi zikatoka damu. Pera au pilipili boga kidogo kila siku inatosha, haina haja ya duka.

Na la duka nalo nina neno. Yule mdogo alipoanza kukoroma nilikimbilia duka moja la dawa, nikaelezwa nichukue amoksilini ya maji, ile wanayopewa watoto, tone mbili asubuhi na jioni. Nilikwisha kulipa. Bwana mifugo akaninyang'anya chupa mlangoni. Dawa za jamii ya penisilini simbilisi akizimeza huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, na mnyama huhara mpaka akafa. Muuza dawa hakukusudia ubaya, alitaka kunisaidia. Ila angesema "mnyama huyo simjui" ningemshukuru zaidi.

Basi nirudi kwa wauzaji. Sisemi iletwe sheria, wala sheha, mkuu wa shehia, aende kukagua vikapu. Kwenye kazi yangu gunia likifika nilikuwa natia mkono mpaka chini kabisa, kwa sababu juu karafuu ni kavu zinalia, na chini utakuta makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, au unyevu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipopita sokoni alitia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na maji, akamwambia mwenye mali kwamba anayeghushi si miongoni mwetu. Tumbo la simbilisi hatuwezi kulitia mkono. Anayejua kilichomo ni yule aliyewaweka madume na majike banda moja. Naye anaweza kuwatenga. Akishindwa kuwatenga, basi aseme: huyu jike amekaa na dume, umri wake kadhaa. Mnunuzi ataamua mwenyewe, na bei ikishuka, ishuke.

Atenge mapema pia. Dume wa wiki tatu tu anafaa kutolewa kwa dada zake na mama yake, na mama mwenyewe anaweza kushika mimba tena saa chache baada ya kuzaa. Hivyo ndivyo vikapu vinavyojaa mimba zisizojulikana za nani.

Wetu siku ya 21 walikuwa na gramu 158 na 147, na maziwa wakayakataa wenyewe. Mmoja dume, mmoja jike, kila mmoja na boksi lake sasa. Mjukuu anataka kumpa jike rafiki yake wa Chake. Nimemkubalia, ila kwanza ameandika karatasi kwa mkono wake, nikaigonga na pini juu ya kikapu: "Jike. Amezaliwa masika haya. Hajakaa na dume isipokuwa kaka yake, mpaka siku ya 21. Asipewe amoksilini."

Mpima karafuu mstaafu,
Wete, Pemba