Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha waandishi,

Mwaka huu tulifanya vikao 10 kati ya 12, tukasoma miswada 23 (hadithi 14, mashairi 7, tamthiliya 2), tukaadhimisha Siku ya Kiswahili tarehe 7 Julai, na wenzetu wawili wakapeleka kazi zao kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Hawakushinda. Mengine mnayajua.

Nije kwenye lile linalosemwa pembeni: kanuni ya kunyamaza, yaani mwenye mswada asijibu kazi yake ikichambuliwa. Ni kweli niliitangaza Machi bila kuitisha mkutano. Lakini waliokuwepo Februari ni mashahidi. Lililetwa shairi la mizani (silabi) 16 kila mshororo, na ubeti wa tatu mshororo mmoja ukatoka na 15. Tulihesabu kwa vidole juu ya meza, watu sita, mara mbili. Mtunzi akasema tumekosea, kwamba "nchi" ni mizani miwili, si mmoja. Akabisha dakika arobaini. Siku hiyo alikuwepo binti kutoka Muheza na hadithi yake ya kwanza, ameitoa kopi kwa hela yake. Ikabidi awahi gari, kopi zikabaki kwenye mfuko wa nailoni. Hajarudi tena.

Baadaye niliuliza wajuzi, na kuhusu "nchi" mtunzi alikuwa sahihi. Nalisema hapa ili lisisemwe kwa niaba yangu. Hata hivyo tatizo halikuwa mizani, lilikuwa zile dakika arobaini.

Sasa mwenye mswada anasikiliza dakika 15, halafu anajibu kwa 5. Watatu wamejitoa kwenye kundi la WhatsApp, na nasikia naitwa dikteta. Dikteta gani anayechambuliwa? Aprili niliweka hadithi yangu mezani, mkaniambia kurasa mbili za mwanzo, jogoo na ukungu na alfajiri, zote zifutwe kwa kuwa mhusika haamki mpaka ukurasa wa tatu. Niliuma ulimi. Wiki nzima wawili wenu sikuwapokelea simu, naomba radhi. Lakini nilizifuta, na hadithi imesimama. Sikumbuki mwenyekiti aliyetangulia kuweka kazi yake mezani namna hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni "nzuri sana, hongera". Mtu hakusoma, anapongeza. Wengine huleta miswada yao, ikishachambuliwa wanakumbuka msiba.

Mahudhurio: tuko 31, wastani wa kikao ni watu 9. Siku ya Simba na Yanga tulikuwa wanne, pamoja na mlinzi wa shule aliyekuja kufunga madirisha, na ndiye aliyeuliza swali la maana kuhusu mwisho wa hadithi. Ada ya 3,000 kwa mwezi ilipaswa kutupa shilingi 1,116,000, zimeingia 327,000. Kopi zimekula 214,000, chai 96,000, zimebaki 17,000. Nimetoa 60,000 mfukoni mwangu. Sidai, nazitaja tu.

Mwakani, Mungu akipenda, tutoe mkusanyiko wa hadithi zetu. Kuna mazungumzo na mchapishaji, ingawa bado hayajafika pa kutajika. Pia tutafute ukumbi wenye feni.

Mhazini ameketi pale mlangoni na kitabu chake cha stakabadhi.

Mwenyekiti